Famasi mbili za kampuni moja zinatazamana: wagonjwa wamezidi?

SWALI: Dada Mfamasia, shikamoo. Mimi ni fundi saa, nina kibanda kwenye mtaa wa maduka wenye msongamano. Nilipoanza palikuwa na famasi moja tu, ya mzee mmoja ambaye amenihudumia dawa za presha kwa miaka tisa. Leo nikisimama mlangoni nahesabu tano. Nne ni za kampuni zenye matawi, na mbili kati ya hizo ni za kampuni ile ile, zinatazamana! Wagonjwa wamezidi kiasi hicho? Na je, nimwache mzee nihamie kwenye punguzo?

JIBU: Marahaba, fundi. Wagonjwa hawajazidi. Waliozidi ni wapita njia, na kampuni hizo zinahesabu wapita njia.

Nilikaa nyuma ya kaunta ya kampuni ya aina hiyo miaka sita kabla sijaondoka. Ingia tawi lolote uangalie dawa za cheti zinatolewa wapi: mwisho kabisa wa duka. Mwenye cheti cha daktari atafika tu, hata ukimweka darini. Njiani atapita kwenye losheni, shampuu, nepi na vitamini vya kutafuna. Katika nchi nyingi bei ya dawa za cheti inabanwa na serikali au na bima, lakini losheni haibanwi na mtu. Kodi ya mahali ghali kama hapo inategemea sana rafu za mbele. Nimeona watu wakiingia kutafuta plasta ya kidonda wakatoka na mfuko uliojaa, plasta wameisahau.

Sasa hizo mbili zinazotazamana. Tawi letu lilipofunguliwa mwenzake ng'ambo ya barabara, nilimuuliza meneja tutamuuzia nani. Akanijibu: "Ile fremu tusipoichukua sisi, ataichukua mwingine." Basi. Lori moja lilishusha mzigo kote kuwili, na mfanyakazi akiugua upande mmoja alivushwa wa upande wa pili. (Nimevushwa sana, wakati mwingine nikiwa bado natafuna chakula cha mchana.) Mauzo yetu yalishuka, ila makao makuu hawakujali, maana wao walikuwa wakijumlisha.

Za kampuni tofauti kurundikana nalo si jambo geni. Mchumi wa Marekani, Harold Hotelling, alilichambua mwaka 1929. Chukua mtaa mmoja ulionyooka na wauzaji wawili wa bidhaa zinazofanana. Kila mmoja atasogea kidogo kumwelekea mwenzake ili amnyang'anye wateja wa katikati, mpaka wote wawili wabanane pale kati, na anayekaa pembeni atembee zaidi.

Kuna nchi zilizokataa kuliachia soko jambo hili. Hispania, kwa sheria ya 1997, iliweka umbali wa mita 250 kati ya famasi na famasi kuwa kanuni ya jumla. Ujerumani famasi ni mali ya mfamasia, naye haruhusiwi kupita famasi kuu moja na matawi matatu. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikubali kwamba nchi inaweza kuwazuia wasio wafamasia kumiliki famasi. Norwe iliwafungulia milango wasio wafamasia mwaka 2001, na Uswidi ikavunja ukiritimba wa serikali wa famasi mwaka 2009. Katika nchi hizo mbili za mwisho matawi ya kampuni ndiyo yaliyotawala. Mimi sishabikii upande wowote kwa moyo wote. Zile mita 250 zinamlinda pia mfamasia mvivu.

Na wingi huu haudumu lazima. CVS, kampuni ya famasi ya Marekani yenye matawi mengi, ilitangaza mwaka 2021 kwamba ingefunga maduka yapatayo 900 katika miaka mitatu, na mwaka 2024 mshindani wake Walgreens ikatangaza kufunga yapatayo 1,200.

Uhame? Ngoja nikusimulie. Mama mmoja alikuwa akichukua warfarini kwetu, dawa ya kuzuia damu kuganda. Magoti yakamuuma, akavuka barabara, akanunua ibuprofeni kwenye tawi letu lile lile la pili. Haihitaji cheti, kwa hiyo haikuandikwa popote. Alilipa kwa kijana wa kaunta ya mbele, karibu na losheni. Wiki iliyofuata nikaona mikono yake ina mabaka ya damu iliyovilia, nikamuuliza amemeza nini kingine. Dawa hizo mbili zikikutana, hatari ya kutokwa damu inaongezeka. Nilimwelekeza kwa daktari siku hiyo hiyo. Mabango yalikuwa mawili ya rangi moja, lakini hakuna upande uliojua wa pili umemuuzia nini.

Mzee wako anajua unameza nini, na hilo lina thamani. Hata hivyo sitakuambia ubaki naye kwa huruma. Soma yale maandishi madogo kwenye pakiti yako, jina la dawa yenyewe, kwa mfano amlodipini, pamoja na miligramu zake, kisha uliza bei ya hiyo hiyo pande zote mbili. Kwanza mwulize mzee. Huenda anayo ya mtengenezaji mwingine iliyo nafuu. Kama tofauti ni kubwa hadi unaruka siku ili vidonge vifike mwisho wa mwezi, hama, maana presha haisubiri mshahara. Ila hama na kila kitu: dawa zote kwenye karatasi moja, pamoja na za maumivu na za mitishamba. Uliza pia mfamasia mwenyewe yupo saa ngapi, si aliyevaa koti jeupe tu. Hayupo? Toka.

Ule mkebe wa vitamini wa "nunua viwili, cha tatu bure" haushushi presha, uache pale pale. Na ukienda kwa mzee, mdodose kama anafikiria kustaafu. Fremu yake haikosi mtu aliyekwisha kuiulizia.