Swali la lugha: springi, kamani au chemchemi?

Swali: Mwanangu yuko darasa la tano katika shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili. Katika jaribio la sayansi aliandika kwamba "springi ikivutwa hurefuka, ikiachwa hurudi" na kwamba "sumaku huvuta msumari". Neno springi lilikatwa kwa wino mwekundu na juu yake pakaandikwa chemchemi, kisha huvuta ikageuzwa kuwa huvutia. Je, alikosea?

Jibu: Hakukosea popote. Chemchemi kwa Kiswahili ni mahali maji yanapobubujika kutoka ardhini, na sijui mtu anayefungua kalamu ya kubofya akasema ameona chemchemi ndani yake. Kosa hili huzaliwa katika tafsiri. Kiingereza hutumia neno moja kwa chemchemi ya maji, kwa majira yanayofuata baridi kali katika nchi za kaskazini, na kwa waya uliosokotwa ukawa mizunguko. Mfasiri mwenye haraka huchukua maana ya kwanza anayoiona katika kamusi, naye mwanafunzi hubaki akijiuliza maji yanaingiaje katika somo la kani.

Neno linalofaa ni springi, ambalo fundi wa magari na muuza magodoro hulitumia kila siku bila kumtatiza mteja, nalo hufuata ngeli ya I-ZI: springi imelegea, springi zimelegea. Lipo pia kamani, lililotufikia kutoka Kihindi na ambalo chimbuko lake ni neno la Kiajemi lenye maana ya upinde, na aghalabu hutumika kwa ule utepe wa chuma uliojikunja ndani ya saa ya kutiwa ufunguo. Mwanafunzi akiandika kamani nitampa alama yake, tena kwa furaha, kwa sababu upinde nao hupindwa, ukatunza nguvu, kisha ukairudisha kwa kuusukuma mshale. Hata hivyo sioni sababu ya kulilazimisha darasa zima litumie neno ambalo watoto wengi hawajapata kulisikia, ilhali springi wanaijua.

Katika sentensi ile ile, ningemshauri mtoto aongeze maneno machache tu: springi ikiachwa "hurudia urefu wake wa awali", maana "hurudi" pekee humwacha msomaji akiuliza inarudi wapi. Sifa hiyo ya kurefuka na kurudi huitwa unyumbufu, kutokana na kunyumbuka. Tusiichanganye na kunepa, ambako ni kujipinda kwa uzito, kama tawi la mwembe lililojaa matunda, wala na kufyatuka, ambako ni kuachia kwa ghafla kama mtego wa panya. Ukiichukua springi ya kalamu ukaivuta kwa vidole kupita kiasi, hubaki ndefu na iliyopindapinda, na kalamu haibofyeki tena. Hapo tunasema springi imepoteza unyumbufu wake.

Kuhusu sumaku, tofauti ya kuvuta na kuvutia ni ya kauli ya kitenzi. Kuvutia kumezoeleka zaidi kwa maana ya kupendeza au kuteka moyo: mandhari huvutia, sauti ya msomaji tenzi huvutia. Sumaku nayo yaweza kumvutia mtoto ambaye hajachoka kuichezea, lakini msumari haupendezwi na chochote, unavutwa. Sumaku mbili zikikutana, kauli ya kutendana ndiyo mahali pake: ncha zisizofanana huvutana, na zinazofanana husukumana. Watoto wengine husema zinafukuzana, neno lenye uhai katika mazungumzo, ingawa wanaofukuzana huelekea upande mmoja, ilhali ncha hizi huachana.

Kama wino mwekundu ungekuwa mkononi mwangu, ningeutunza kwa sentensi nyingine inayopita bila kuguswa katika madaftari mengi, yaani "sumaku huvuta vyuma vyote". Katika mazungumzo ya kawaida chuma hubeba karibu kila kitu kigumu kinachong'aa, ikiwamo sufuria ya alumini na waya wa shaba, na hapo mwanafunzi hutoka darasani na ukweli uliopinda. Sayansi inalo neno metali kwa jamii nzima, na chuma ni metali mojawapo. Mpe mwanao sumaku aende nayo jikoni: itaganda kwenye kopo la maziwa ya unga, ambalo kwa kawaida ni la chuma kilichopakwa bati, lakini kwenye sufuria ya alumini itateleza na kuanguka. Baada ya hapo anaweza kuandika bila wasiwasi kwamba sumaku huvuta chuma, pamoja na metali nyingine chache kama nikeli na kobalti.