Kabla Hamjanunua Programu ya Kuandikia Dawa

Kama kliniki yenu inataka kuacha karatasi na kuandikia wagonjwa dawa kwenye kompyuta, naomba jambo moja: msimwachie muuzaji wa programu awapangie orodha ya dawa. Mimi ni mfamasia katika kliniki ya kibinafsi huku Eastlands, Nairobi, na matatizo mengi ninayoyaona kaunta yanaanzia kwenye orodha hiyo.

Chukua amoksisilini ya maji. Ipo ya miligramu 125 kwa kila mililita 5, na ipo ya 250. Foleni imefika mlangoni, daktari anabonyeza ya kwanza kuiona, mtoto anapewa dozi maradufu, au nusu. Ama andika "carb" tu: inakuja carbamazepine ya kifafa na carbimazole ya tezi ya shingo, zimefuatana. Mwandiko mbovu ulikuwa unanitia shaka, nampigia daktari simu. Kosa lililochapwa vizuri halimshtui mtu. Kwa hiyo daktari na mfamasia waipitie orodha mstari kwa mstari, waondoe dawa msizoweka, na programu ikatae dozi ya mtoto ambaye hajapimwa uzito.

Halafu kuna mgonjwa. Dawa ikikosekana kwetu anaenda duka la dawa la mtaani, na huko hakuna anayeona kilichoko kwenye kompyuta yetu. Mchapieni karatasi yenye jina halisi la dawa, nguvu yake na muhuri. Naam, karatasi ile ile tuliyodai kuikimbia! Wengine watawashauri mtume SMS. Sawa, ila muulizeni kwanza simu ni ya nani. Wapo wanaotumia ya jirani, na dawa za ARV si habari za jirani; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti.

Stima itapotea, hilo mnalijua: betri ya akiba, na kitabu cha kuandikia dawa kwa mkono kisitupwe.

Kuhusu nywila, mmoja huingia asubuhi na wenzake wakaendelea kwa jina lake hadi jioni. Kuwakemea hakusaidii ikiwa kuingia kunachukua muda mrefu kuliko kumwona mgonjwa. Dai namba fupi ya siri kwa kila mtu.

Na kabla ya kutia sahihi mkataba, mwiteni muuzaji Jumatatu asubuhi kliniki ikiwa imejaa. Amwandikie dawa mgonjwa mwenye presha na kisukari, mbele yenu. Kalamu ikimshinda kwa kasi, arudi akarekebishe.