Wingi wa kura na uhuru wa biashara
Ndugu uliyeuliza kama demokrasia ni “wengi wape” tu, na kama soko huria ni kila mtu kuuza apendavyo, naomba nikupe mfano wa kwetu Tanzania. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilikuta kwamba zaidi ya robo tatu ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi, kwa hoja kwamba maoni ya wachache nayo yalistahili kuzingatiwa. Mfumo huo ukaanza mwaka 1992. Binafsi nauona uamuzi huo kuwa somo kubwa kuliko uchaguzi wowote tuliowahi kufanya. Kuhusu biashara, Ibara ya 24 ya Katiba inalinda haki ya kumiliki mali, ila Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inawakataza wafanyabiashara washindani kukubaliana wao kwa wao bei ya kuuzia, kwa sababu mnunuzi asiye na duka la pili la kukimbilia hana uhuru, hata kama muuzaji anao. Kazi ya kuchunguza makubaliano hayo na kuwatoza faini wahusika ni ya Tume ya Ushindani.