Aliyepotea ni punda ama nahodha?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Juzi kwa grupu letu la famili la Wasap kuliingia ujumbe, "Punda wa nahodha aliyepotea juzi ameonekana Shela". Mimi nkasoma kimoyomoyo nkajua ni punda ndo alopotea, mamangu kachukua simu hio hio akasoma kimya akaanza kulia ati mjomba, ndo huyo nahodha, kapotea baharini! Hakuna aliyetamka neno, sasa tofauti imetoka wapi?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waleikum salaam shekhe, mpe mama pole.

Unaposoma kimya kichwani hakuko kimya, kuna sauti ya ndani inasoma na inaweka vituo vyake yenyewe hata kama alieandika hakuweka koma. Wewe ulikata hapa: "punda wa nahodha / aliyepotea juzi", kwa hio punda na mwenyewe wakawa fungu moja na kupotea kukamrudia punda. Mama akakata mapema, "punda / wa nahodha aliyepotea juzi", basi nahodha akaenda na maji. Mwanaisimu Janet Dean Fodor ndo alieleta hoja hii, kwamba mkato tunaousikia kichwani unaamua maana tutakayoshika. Na sio mambo ya kubuni, mwaka 2001 watafiti Steinhauer na Friederici kule Ujerumani walionyesha kuwa msomaji wa kimya akifika kwenye koma, umeme wa ubongo wake unafanya wimbi kama lile la mtu anaesikiliza msemaji akituliza sauti.

Mbona ubongo ujisumbue kukata? Coz kumbukumbu ya muda mfupi ni ndogo, haibebi neno mojamoja, inafunga mafungu, kama boriti za mkoko vile unavyohesabu kwa korija, ishirini ishirini.

Ila mi nalaumu ngeli kuliko mama. Angekuwa ameandika "jahazi la nahodha lililopotea" hakuna ambae angelia, hio "lililo" inamkimbilia jahazi moja kwa moja hata ukate wapi. Sa punda ni mnyama, anakula "wa" na "aliye" sawasawa na binadamu, so "aliyepotea" inawatosha wote wawili. Afu mtu mwenye nduguye baharini, moyo ushakata sentensi kabla jicho halijafika mwisho.

Mwambieni huyo wa grupu siku nyengine aandike: "Punda aliyepotea juzi, yule wa nahodha, ameonekana Shela".