Mishipa inayooteshwa: maswali yenu kuhusu tishu za maabara

Kama ngozi inakuzwa maabara, mbona figo bado? (Mwalimu mstaafu, Mafinga)

Mwalimu, kukuza seli si kazi kubwa tena. Kazi ni kuzilisha. Seli ikiwa mbali na mshipa wa damu kwa zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za milimita, hukosa oksijeni ikafa. Vinyungu, bustani zetu za mabondeni, unavijua: mahindi ya kando ya mfereji yananawiri, ya mbali yanasinyaa. Tabaka la juu la ngozi ni jembamba, na gegedu (kama ile ya sikio) haina mishipa kabisa, ndiyo maana vilitangulia. Figo ni nene, na imejaa mishipa myembamba kuliko unywele.

Sasa hiyo mishipa wanaioteshaje? (Mwanafunzi wa uuguzi, Mbeya)

Wanafuata tabia ya mwili wenyewe. Tishu ikipungukiwa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, na mshipa wa jirani huchipua tawi kuifuata. Basi watafiti hutengeneza kiunzi chenye vitundu, cha kolajeni au fibrini (protini za mwili zenye nyuzi), wakatia protini hiyo itoke kidogo kidogo, kisha wakapanda seli zinazotandika ukuta wa ndani wa mshipa pamoja na seli za kuutegemeza. Vikikaa siku kadhaa kwenye joto la mwili, hadubini inaonyesha seli zimeshikana kuwa vimirija vyenye uwazi katikati. Mimi hapo ndipo ninapovutiwa zaidi, maana hakuna aliyezipanga moja moja. Wengine huchapa njia kwa sukari ndani ya jeli, halafu sukari inayeyushwa, mifereji inabaki.

Ugumu upo. VEGF ikizidi, mishipa huota ovyo na kuvuja. Seli za kutegemeza zikikosekana, hunywea. Na tishu ikishapandikizwa, mishipa yake isipounganika upesi na mishipa ya mgonjwa, kazi yote imepotea.

Mwanangu aliungua kwa chai mkononi, wakamchuna ngozi pajani kuziba kidonda. Siku ya tano daktari akafungua bandeji akasema "imeshika". Iliishije bila damu? (Mama Neema, Uyole)

Pole sana, mama. Siku moja mbili za mwanzo ngozi ile hufyonza majimaji ya kidonda tu. Kisha mishipa iliyokatwa kwenye ngozi hukutana midomo na ile ya kwenye kidonda, ikaungana, na mingine mipya huchipua. Ndiyo maana walimkataza kuchezesha mkono: ngozi ikiteleza kidogo, maungio hayo yanakatika. Damu ikijikusanya chini yake pia huinyima chakula, kwa hiyo mara nyingi hutobolewa vitundu ili majimaji yatoke. Daktari anapoibonyeza kwa kidole pakawa peupe, halafu wekundu ukarudi, anajua damu inapita.

Na kwa baridi yetu ya Juni, watoto wakiwa wamezunguka jiko: aliyeungua amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno iacheni bafuni.

Stendi wanauza unga wa "seli shina", eti unaotesha mishipa. Ninunue? (Njombe)

Usinunue. Seli hai haikai kwenye kopo la unga mkavu, na hata ingekaa, tumbo lingeimeng'enya.

Mishipa mipya haitalisha saratani? (Tukuyu)

Hofu yako ina msingi. Mwaka 1971 daktari Judah Folkman wa Marekani alieleza kwamba uvimbe wa saratani huvuta mishipa ili ukue, na bevacizumab, dawa inayoizuia VEGF, iliidhinishwa huko 2004. Kwa sababu hiyo protini inayowekwa kwenye kiunzi hutakiwa ibaki palepale, kisha iishe.

Baba ana kisukari, kidonda cha unyayo hakiponi. Kuna lolote tayari? (Makambako)

Marekani ipo Apligraf, ngozi ya maabara iliyoidhinishwa 1998 kwa vidonda vya miguu vitokanavyo na hitilafu ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni), na 2000 kwa vidonda vya miguu vya kisukari. Imetengenezwa kwa kolajeni ya ng'ombe na seli za govi la watoto wachanga waliotahiriwa (naam, hakuna kinachotupwa). Desemba 2024 ukaidhinishwa Symvess, mshipa mzima uliokuzwa maabara, lakini huo ni wa watu wazima ambao ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya mkono au mguu imeumia.

Hata Apligraf haifai kitu mguu usipofikiwa na damu. Muombe daktari apime mapigo ya damu mguuni kabla ya kuongeza dawa nyingine. Sukari ishushwe, sigara iachwe, kidonda kisikanyagiwe. Kidole kikianza kuwa cheusi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kliniki ya mwezi ujao.