Barua kwa mwanangu: mtihani wa Ijumaa na vumbi la Naivasha

Mwanangu Zawadi,

Barua yako nimeisoma, na baba yako nimemsomea. Unauliza kama uiombe idara ikusogezee mtihani wa Sheria ya Habari wa Ijumaa ili ushinde Naivasha kwenye Safari Rally hadi Jumapili, au umwambie mhariri kwamba safari hii hutaweza. Hilo la kwenda au kutokwenda liweke kando kwanza. Mimi nataka kujua ukifika huko utaandika nini, na utakuwa umekitoa wapi.

Anayeandika rally huandika saa. Nimekwambia tangu ukiwa mdogo: kadi ya saa kwanza, maneno baadaye. Kwenye kadi hiyo ndimo kila kituo cha ukaguzi huandika saa ya gari. Chukua gari lililoondoka kituo kimoja 10:14, likapewa dakika 72 za barabara ya kawaida hadi kituo kinachofuata. Saa yake ni 11:26. Mwelekezi, yule anayekaa kando ya dereva na kumsomea njia, anatakiwa akabidhi kadi kati ya 11:26:00 na 11:26:59. Akichelewa, kila dakika inamgharimu sekunde 10. Akiwahi, kila dakika inamgharimu dakika nzima. Ndiyo maana utakuta magari yamesimama kabla ya ubao wa manjano unaoonyesha eneo la kituo linapoanza, mwelekezi ameshuka, macho kwenye saa, dereva anakunywa maji. Mgeni akiona hivyo hudhani gari limeharibika, na akiwa mwandishi huenda akaandika hivyo.

Habari ya yule mwelekezi kwenye kituo nilichokuwa nasimamia saa unaijua, lakini nitaisema tena. Walikuwa vijana wetu wa hapa, wanakwenda vizuri sana, akanikabidhi kadi dakika yake haijaingia. Nikaandika nilichokiona. Akaitazama kadi, hakubisha, akarudi garini. Kesho yake gazeti moja likasema wasimamizi wamewaibia wazalendo dakika ili wageni wapite. Aliyeandika hakufika kituoni, hakumuuliza mwelekezi wala kuomba kuona kadi. Mjomba wako akaisoma kwa sauti mbele ya wageni, na wewe unajua mjomba wako na gazeti lake. Mpaka leo tukikutana kwenye harusi ananiita mwizi wa dakika, na mpaka leo sijazoea.

Sasa nieleze mtu wa namna ile angeiandikaje Safari ya 1973. Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza na adhabu sawa kabisa. Ushindi ukaenda kwa Mehta kwa sababu tangu mwanzo alikuwa amesafiri mbali zaidi bila kupata adhabu. Jibu lilikuwa ndani ya kanuni na ndani ya kadi. Kadi ya saa kwanza, mwanangu.

Na usiandike mshindi kabla hajafika. Mwaka 2021, rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia, Thierry Neuville aliamka Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima. Mkondo wa kwanza wa siku hiyo, yaani kipande cha barabara cha kushindania kasi, uitwao Loldia, ukamvunjia shokomzoba ya nyuma na kazi yake ikaishia hapo. Sébastien Ogier akashinda, Takamoto Katsuta wa pili. Hata gari likishamaliza, matokeo hubaki ya muda mpaka ukaguzi uishe na muda wa pingamizi upite. Andika hivyo, "ya muda", hata mhariri akinuna.

Utaniambia nyakati zote ziko kwenye intaneti, unaweza kuzisoma chumbani ukitoka kwenye mtihani. Ni kweli, ningekuwa na akili ningekwambia kaa ufanye mtihani wako. Lakini vumbi la mkondo wa Kedong haliko kwenye intaneti. Ule udongo ni laini kama unga na huficha mawe. Magari yakipita asubuhi yanachimba makorongo, mawe yanachomoza, na yanaporudi mchana mkondo una jina lile lile ila barabara si ile. Mvua ikinyesha katikati, dereva aliyechagua tairi saa moja kabla yuko matatani. Mwandishi asiyeyaona hayo ataandika tu kwamba fulani "alipunguza kasi".

Kwa hiyo uende? Sijasema. Idara nyingi hukubali cheti cha daktari au msiba. Kazi ya gazeti si lazima waikubali, na wakikataa ukawa umeshaondoka, somo linarudiwa mwaka mzima baadaye. Tena ni Sheria ya Habari, lile somo ambalo yule bwana wa dakika zangu angelisoma asingenichafulia jina.

Fikiria hivi. Mtihani unaisha kabla ya saa sita mchana. Kutoka Nairobi hadi Naivasha ni kama kilomita 90. Mkondo wa mchana usiukimbilie: njia za kuingilia hufungwa mapema kabla ya gari la kwanza, na askari hatakupisha. Nenda moja kwa moja kwenye kambi ya mafundi. Jioni wana dakika 45 kwa kila gari, na hapo utaona kilichovunjika kikitolewa kwa mikono. Muulize fundi mkuu swali moja, "Mmebadilisha nini?", kisha nyamaza uandike. Dereva atakupa sentensi za kila siku. Kipande kilicho chini kwenye turubai kitakupa habari. Jumamosi ukienda mkondoni, usisimame upande wa nje wa kona, maana gari likiteleza huenda huko. Panda mahali pa juu penye njia ya kukimbilia nyuma yako. Simu ifunge kwenye mfuko wa plastiki.

Naona nimekaribia kukuamulia, na baba yako ananitazama. Wewe ni mtu mzima. Mtihani ni wako na jina litakaloandikwa juu ya habari ni lako. Mimi ningeufanya mtihani. Lakini mimi sikuwahi kupewa nafasi kama hiyo nikiwa na umri wako, basi usinisikilize sana.

Maombi ya kitambulisho cha wanahabari hufungwa mapema kabla ya mashindano, kwa hiyo barua ya mhariri iombe leo, uende au usiende. Na kabla hujaituma, nisomee kwa simu.

Mama yako