Maswali na Majibu: Pikipiki ya Mbio Inapoanza Kugonga

Nina Honda CBR600F4i ya mwaka 2002. Ikifika mizunguko 3,000 hadi 4,500 kwa dakika inachakacha upande wa kulia, nikivuta mafuta zaidi kelele inapotea. Fundi anataka kufungua injini yote.

Mwambie asubiri. Kinachoshukiwa kwanza ni tenshena, kikazio cha mnyororo unaozungusha kemshafti (shafti zinazofungua valvu), ugonjwa maarufu wa F4i. Springi ya ndani ikichoka, mnyororo unalegea na kupigapiga reli zake. Hakikisha hivi: injini ikiunguruma, gusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye tenshena, nyuma ya silinda upande wa kulia, mpini ukiwa sikioni. Kelele ikiwa kali hapo kuliko kwenye kifuniko cha valvu, jibu umelipata.

Kuibadilisha si kazi kubwa, ila ina mtego. Tenshena ikishatoka, mnyororo hauna kinachoushika. Mtu akigusa stata au akizungusha krenki, yaani shafti kuu ya injini, mnyororo unaweza kuruka jino na valvu zikakutana na pistoni. Kwa hiyo chomoa waya wa betri kabla ya kugusa bolti yoyote. Kwenye tenshena mpya, toa bolti ndogo ya mgongoni, ingiza bisibisi bapa nyembamba, zungusha kufuata saa mpaka kijiti kirudi ndani chote. Kishikilie hivyohivyo hadi bolti mbili za kuifunga zikae, ndipo uachie. Gasketi iwe mpya. Kabla ya kuwasha, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigota mahali, usilazimishe, rudi ukaangalie alama za taimingi.

Zipo pia tenshena za kukaza kwa mkono. Hazichoki springi, lakini zinadai kurekebishwa mara kwa mara, na ukikaza kupita kiasi mnyororo unalia kwa sauti nyembamba na kuzitafuna reli. Kama hupendi kuishi na spana mfukoni, nunua ya kiwandani.

Asubuhi inalia "tik tik" upande wa mbele, ikipata moto inanyamaza. Ni valvu?

Angalia ekzosi kwanza. Gasketi iliyoungua pale bomba linapoingia kwenye silinda hedi huvujisha moshi kwa mlio huohuo, na bomba likipata joto linatanuka na kuziba. Tafuta masizi meusi kuzunguka nati. Gasketi za silinda nne ni bei ndogo. Nati zilizoshikana kutu ndizo zitakazokuchosha, hivyo zipulizie dawa ya kutu usiku uliotangulia.

Fundi anasema valvu zimelegea, nizikaze. Zinakazwaje?

Kwenye injini hizi hakuna skrubu ya kukaza. Nafasi kati ya kemshafti na valvu inarekebishwa kwa shimu, visahani vidogo vya chuma vinavyokaa chini ya vikombe vilivyo juu ya valvu, na lazima kemshafti zitoke. Tena, kwa kawaida valvu hizi hazilegei, zinabana, maana zinazama kwenye viti vyake. Valvu iliyobana haina kelele: inavujisha moto kimyakimya mpaka inaungua.

Pima kwa fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi) injini ikiwa baridi kabisa, yaani chini ya nyuzi joto 35. Kwa F4i, valvu za kuingiza ni milimita 0.20 na za kutoa 0.28, kila moja ikiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa 0.03. Hesabu ya shimu mpya: chukua ulichopima, toa kipimo kinachotakiwa, jumlisha unene wa shimu ya zamani. Mfano, valvu ya kutoa imepima 0.20 na shimu yake ni 1.800. Hapo 0.20 − 0.28 + 1.800 = 1.720, kwa hiyo unanunua 1.725, kwa kuwa zinauzwa kwa hatua za 0.025.

Ziba tundu la mnyororo kwa kitambaa safi kabla ya kuinua vikombe. Shimu hunata kwa oili chini ya kikombe, kisha inadondoka usipotarajia, na ikiingia tunduni utaitafuta kwenye karta, bakuli la oili chini ya injini. Bolti za vishikilio vya kemshafti zilegeze na uzikaze kidogokidogo kwa kupishana, hadi Nm 12 kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Anayemaliza bolti moja ndipo aende nyingine hupasua kishikilio.

Inagonga kwa sauti nzito ninapovuta mafuta. Nimeshauriwa niweke oili nzito, 20W-50.

Zima. Mlio mzito wa kugonga unaoongezeka injini ikibeba mzigo ni dalili ya kuchoka kwa beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), na oili nzito itaificha kwa muda tu. Mwaga oili, pasua filta, tandaza karatasi yake juani. Vipande vinavyomeremeta visivyoshikwa na sumaku ni beringi. Hapo injini inafunguliwa mpaka chini. Beringi za Honda huchaguliwa kwa alama zilizo kwenye krenki na konrodi, basi usikubali "zinafanana". Bolti za konrodi ziwe mpya.

Pikipiki ikiwa kwenye gia huru inachakacha, nikibana klachi inanyamaza.

Ni kikapu cha klachi. Kelele ikiwa ndogo, vumilia. Ikizidi, kagua kingo za kikapu: sahani zikichimba mitaro, klachi huanza kunasa. Hakikisha pia oili ina alama ya JASO MA, ya oili zinazofaa klachi za pikipiki. Zile za magari zenye vipunguza msuguano hufanya klachi iteleze.